Mpira Ukilala Chini ya Mbuyu: Kanuni za Gofu na Vikwazo vya Asili Pwani

Kanuni ya kwanza ya gofu husema mambo mawili: uwanja uchezwe kama ulivyokutwa, na mpira upigwe pale ulipolala. Kila kanuni nyingine inayohusu mti, jiwe, maji, mnyama au shimo hutokana na hayo mawili. Mchezaji hana haki ya kupata ardhi nzuri. Ana haki ya kutendewa sawa na mwenzake juu ya ardhi hiyohiyo, na kanuni hueleza kwa makini ni wakati gani anaweza kuuokota mpira na kuusogeza bure, wakati gani ausogeze kwa kulipa mkwaju, na wakati gani hana la kufanya ila kuupiga ulipo.

Pwani ya Kenya ni mahali pazuri pa kujifunza kanuni hizo, kwa sababu vikwazo vyote viko karibu. Mtaa wa Mikindani, Mombasa, hauna uwanja wa gofu, lakini anayetoka huko hahitaji safari ndefu. Akivuka Makupa na kuingia kisiwani, atakuta Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911 kando ya barabara ya Mama Ngina, yenye mashimo 9 juu ya majabali ya matumbawe yanayotazama bahari. Bara la kaskazini kuna Nyali Golf and Country Club yenye mashimo 18. Kusini, baada ya feri ya Likoni, barabara inafika Diani penye uwanja wa Leisure Lodge. Katika kaunti ya Kilifi kuna Vipingo Ridge, ambako mashindano ya wanawake ya Ladies European Tour yalianza kuchezwa mwaka 2019. Minazi, mibuyu na mwamba wa matumbawe ambavyo mkazi wa Mikindani huviona kila siku ndivyo vinavyomkabili mchezaji katika viwanja hivyo.

Asili ya kanuni

Kanuni za kale zaidi za gofu zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, Uskoti, zikiwa 13 tu. Hata katika orodha hiyo fupi, vikwazo vya asili vilipewa nafasi. Mchezaji alikatazwa kuondoa mawe na mifupa ili apate kupiga mpira wake, isipokuwa kwenye nyasi safi na ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye mpira wenyewe, na mpira ulioingia majini uliweza kutolewa kwa gharama ya mkwaju mmoja. Msingi huo haujabadilika kwa karibu miaka 280: vumilia ulichokikuta, au lipa.

Leo kanuni husimamiwa na taasisi mbili, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani. Mageuzi makubwa yalianza kutumika Januari 2019, kanuni zikapangwa upya kuwa 24 na lugha ikarahisishwa. Toleo lililofuata lilianza mwaka 2023. Kanuni hizo hutumika dunia nzima, Mombasa ikiwemo, na kila klabu inaruhusiwa kuongeza kanuni zake za mahali kulingana na mazingira yake.

Uwanja umegawanywa sehemu tano: mahali pa kuanzia shimo linalochezwa, bunka za mchanga, maeneo ya adhabu, grini yenye shimo, na sehemu iliyobaki yote, inayoitwa eneo la jumla. Kabla ya kuuliza ni kikwazo gani kimemkabili, mchezaji hana budi kujua mpira wake umelala katika sehemu ipi, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na sehemu.

Kinachookoteka na kisichookoteka

Kundi la kwanza la vikwazo ni vitu huru, yaani vitu vya asili visivyoshikamana na chochote: mawe, majani makavu, matawi yaliyoanguka, kinyesi cha wanyama, mizoga, wadudu na minyoo, vilima vidogo vya udongo wanavyovijenga, hata utando wa buibui. Vitu hivyo vinaweza kuondolewa popote uwanjani bila adhabu. Tangu mwaka 2019 ruhusa hiyo inafika hadi ndani ya bunka na maeneo ya adhabu, ambako zamani kuokota jani moja kulimgharimu mchezaji mikwaju miwili.

Katika viwanja vyenye minazi, kanuni hii hutumika kila mara. Nazi iliyodondoka ni kitu huru, na kuti kavu lililolala chini linaweza kuburutwa pembeni, hata kama mchezaji atahitaji mkono wa mwenzake. Sindano za mvinje zilizotandazika juu ya nyasi nazo zinaweza kuokotwa moja moja. Lakini kuti ambalo bado limeshika kwenye mnazi, hata likiwa limenyauka na kuning'inia mbele ya uso wa mchezaji, ni sehemu ya mti. Akilivuta likakatika ili lisizuie fimbo yake, amejipatia nafasi asiyostahili, na adhabu yake ni mikwaju miwili katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, au kupoteza shimo hilo katika mashindano ya ana kwa ana.

Ukubwa wa kitu si hoja. Mwaka 1999, katika mashindano ya Phoenix Open huko Marekani, mpira wa Tiger Woods ulilala nyuma ya jabali zito ambalo mtu mmoja asingeliweza. Waamuzi walilikagua, wakaona halikuzama ardhini, wakaruhusu liondolewe. Watazamaji wakashirikiana kulisukuma, naye akapiga mpira wake bila adhabu yoyote.

Tukio hilo lina funzo kwa anayecheza juu ya matumbawe. Kipande cha jiwe la matumbawe kilicholala juu ya udongo kinaondolewa. Mwamba wa matumbawe unaochomoza kutoka chini umeshikamana na ardhi, kwa hiyo ni sehemu ya uwanja. Mpira ukilala juu yake au ukiuegemea, hakuna nafuu ya bure, yaani ruhusa ya kuusogeza bila adhabu, katika kanuni za jumla. Hali ni hiyohiyo kwa mzizi wa mti. Kwa kuwa mpigo juu ya mwamba au mzizi unaweza kuumiza kifundo cha mkono na kuvunja fimbo, kamati ya klabu ina ruhusa ya kuweka kanuni ya mahali inayotoa nafuu kwenye njia ya nyasi fupi na kandokando yake. Bila kanuni hiyo kuandikwa, mchezaji hawezi kujipa nafuu mwenyewe.

Tahadhari mbili ni muhimu. Mchanga na udongo uliotapakaa si vitu huru, isipokuwa juu ya grini, ambako vinaweza kufagiliwa. Na mchezaji akiondoa jani au jiwe na mpira ukasogea kwa sababu hiyo, analipa mkwaju mmoja na kuurudisha mpira mahali pake, isipokuwa juu ya grini au mahali pa kuanzia, ambako hakuna adhabu. Kabla ya kugusa chochote, mwenye busara huangalia kwanza kama mpira umekiegemea.

Madimbwi, mashimo na mpira uliozama

Kundi la pili ni hali ambazo si za kawaida uwanjani. Hapa kanuni hutoa nafuu ya bure, kwa sababu kikwazo hakikukusudiwa kuwa sehemu ya mtihani wa mchezo.

Maji ya muda ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ya Pwani huacha madimbwi juu ya nyasi kwa saa kadhaa. Ili yahesabiwe kuwa maji ya muda, ni lazima yaonekane juu ya ardhi kabla au baada ya mchezaji kusimama kama kawaida, bila kukandamiza kwa miguu kwa makusudi. Ardhi laini au tope peke yake havitoshi, na umande haumo.

Shimo la mnyama ni mfano wa pili. Shimo lililochimbwa na fuko, panya-buku au nguchiro linatoa nafuu, pamoja na udongo uliofukuliwa na njia iliyokanyagwa kuingia humo. Mashimo ya minyoo na wadudu hayamo. Kichuguu cha mchwa ni suala la kamati: kilima kidogo kinachovunjika kwa mkono kinaondolewa kama kitu huru, lakini kichuguu kilichokauka kikawa kigumu kama tofali hakiondoki, na kamati inaweza kukitangaza kuwa ardhi inayotengenezwa ili wachezaji wapate nafuu.

Utaratibu wa nafuu ni mmoja, na inafaa ufuatwe hatua kwa hatua. Chukulia mpira umelala ndani ya dimbwi katika eneo la jumla. Mchezaji anatafuta mahali pa karibu zaidi ambapo mpira wake, miguu yake na mzunguko wa fimbo yake vyote vitakuwa nje ya maji, bila kusogea karibu zaidi na shimo. Anapatia alama pale. Kutoka kwenye alama hiyo anapima urefu mmoja wa fimbo ndefu kuliko zote alizonazo, isipokuwa ile ya kuchezea juu ya grini. Anasimama wima, anaushika mpira kwenye usawa wa goti, anauachia uanguke. Mpira ukianguka na kutulia ndani ya eneo alilopima, unachezwa. Ukitoka nje, anauangusha mara ya pili. Ukitoka tena, anauweka kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara hiyo ya pili.

Mahali pa karibu zaidi huenda pasiwe mahali pazuri zaidi. Wakati mwingine pako kwenye nyasi ndefu au nyuma ya mti, wakati upande wa pili wa dimbwi ni nyasi safi. Kanuni haimpi mchezaji ruhusa ya kuchagua upande, kwa hiyo atafute mahali hapo kabla ya kuuokota mpira. Akishauokota halafu akakataa kufuata utaratibu, kuurudisha dimbwini kunamgharimu mkwaju.

Ndani ya bunka iliyojaa maji, nafuu ya bure hupatikana ndani ya bunka hiyohiyo, hata kama ni pale tu ambapo maji ni haba. Anayetaka kutoka nje kabisa hulipa mkwaju mmoja na kurudi nyuma katika mstari ulionyooka kutoka kwenye shimo kupitia pale mpira ulipokuwa. Ndani ya eneo la adhabu, nafuu ya maji ya muda na mashimo ya wanyama haipo kabisa.

Mpira uliozama katika alama yake wenyewe, yaani uliotua kwa nguvu ukachimba ardhi laini na sehemu yake ikawa chini ya usawa wa udongo, nao una nafuu ya bure katika eneo la jumla. Ukizama mchangani, nafuu hiyo haipatikani.

Bahari, vidimbwi na mikoko

Maji ya kudumu yana kanuni nyingine. Bahari, ziwa, mto, kidimbwi na mfereji ulio wazi ndani ya uwanja ni maeneo ya adhabu, hata mfereji ukiwa mkavu. Kamati inaweza pia kuweka alama hiyo kwenye msitu, korongo au majabali. Vigingi vya njano au vyekundu ndivyo vinavyoonyesha mipaka. Vigingi vyeupe vina maana nyingine kabisa: nje yake ni nje ya uwanja, na mpira uliovuka hapo lazima urudiwe kutoka ulipopigwa, kwa nyongeza ya mkwaju mmoja.

Mpira ulioingia eneo la adhabu unaweza kupigwa humohumo bila kulipa chochote. Tangu mwaka 2019 mchezaji anaruhusiwa kugusa maji au ardhi kwa fimbo kabla ya kupiga, na kuondoa vitu huru. Akiona haiwezekani, analipa mkwaju mmoja na kuchagua. Anaweza kurudia kutoka alipopigia. Anaweza kurudi nyuma kadiri apendavyo katika mstari unaotoka kwenye shimo kupitia pale mpira ulipovukia mpaka. Na pale vigingi ni vyekundu, ana chaguo la tatu: kuangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali hapo pa kuvukia, bila kukaribia shimo.

Kamati ikilazimika kulinda mimea au viumbe, inaweza kutangaza sehemu ya eneo hilo kuwa marufuku kuchezea. Hapo mchezaji haruhusiwi kabisa kuupiga mpira ulipo, hata ukionekana na kupigika. Mikoko kama ile iliyo ukingoni mwa hori la Tudor upande wa Mikindani, inayozalisha samaki na kuzuia mmomonyoko wa pwani, ndiyo aina ya mazingira ambayo kanuni hiyo iliwekwa kuyalinda. Ni kanuni nzuri, na inastahili kutumiwa zaidi Afrika Mashariki.

Upepo na mawimbi ni nguvu za asili. Mpira uliotulia ukisukumwa na upepo wa kusi, unachezwa pale ulipofika. Kuna hali moja tofauti ambayo wengi huisahau: juu ya grini, mpira ambao mchezaji alikwishauokota na kuurudisha, upepo ukiusogeza, unarudishwa mahali pake bila adhabu.

Wanyama: wezi na wenye hatari

Tumbili au kunguru akiuchukua mpira uliotulia, mchezaji hapotezi kitu. Inatosha iwe imejulikana, au karibu kwa hakika, kwamba mnyama ndiye aliyeuchukua. Mpira mwingine unawekwa pale ule wa kwanza ulipokuwa, na kama mahali penyewe hapajulikani barabara, pakadiriwe. Dhana tupu haitoshi: kuona tumbili juu ya mti na kukosa mpira chini yake si ushahidi. Baada ya dakika 3 za kutafuta, mpira usioonekana umepotea.

Nyoka mwenye sumu, nyuki, mamba na siafu ni hali ya hatari, na kanuni inatoa nafuu ya bure karibu popote uwanjani, hata ndani ya eneo la adhabu, ilimradi mpira uangushwe humohumo. Hakuna anayelazimishwa kuhatarisha mwili wake kwa ajili ya mkwaju. Hata hivyo hatari lazima iwe ya kweli. Mwaka 2020, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Memphis, Marekani, Bryson DeChambeau aliomba nafuu kwa sababu ya chungu wakali karibu na mpira wake. Mwamuzi alikagua, hakuridhika kwamba hatari ipo, na mchezaji akaambiwa aupige ulipo.

Mimea haimo katika kanuni hii. Mpira ukiingia kwenye upupu, mchezaji anawashwa au analipa. Wanaoandika kanuni waliliona hilo wakalitaja waziwazi: mmea unaodhuru hautoi nafuu ya bure, isipokuwa kamati iweke kanuni ya mahali.

Afrika Mashariki ina mifano miwili ya kanuni za mahali inayotajwa mara kwa mara na waandishi wa gofu duniani, na yote inamhusu kiboko. Nyanza Club ya Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, iliruhusu mpira uliotulia karibu na kiboko au mamba uachwe na mwingine uangushwe mahali salama bila adhabu. Klabu ya Jinja nchini Uganda iliruhusu mpira uliolala katika unyayo wa kiboko uokotwe na kuwekwa pembeni. Kanuni ya Kisumu inalinda mtu, na leo kanuni za jumla zingetoa jibu hilohilo. Ya Jinja ilihitajika kwa sababu unyayo si shimo lililochimbwa, hivyo katika eneo la jumla mchezaji asingepata kitu.

Mbuyu mmoja, majibu mengi

Mbuyu unaweza kuonyesha jinsi makundi haya yote yanavyokutana. Mpira ukilala juu ya majani yake makavu, majani yanaondolewa. Ukilala kati ya mizizi, unapigwa au unalipiwa. Ukilala kwenye shimo la panya-buku chini ya shina, kuna nafuu ya bure, ila tu kama mpira ungeweza kupigika iwapo shimo lisingekuwapo. Kama shina lenyewe lingeuzuia hata hivyo, shimo haliwi kisingizio. Nyuki wakiwa wametengeneza mzinga ndani ya uwazi wa shina, nafuu ni ya bure kwa masharti hayohayo.

Pale kanuni nyingine zote zinapokwisha, mchezaji hubaki na haki ya kutangaza kwamba mpira hauchezeki. Haki hiyo anayo popote isipokuwa katika eneo la adhabu, na hakuna wa kumpinga. Kwa mkwaju mmoja anarudia alipopigia, au anarudi nyuma katika mstari wa shimo, au anaangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipo. Ndani ya bunka ana njia ya nne: kutoka nje kwa mikwaju miwili.

Mpira ukikwama juu ya mti, kipimo huanzia ardhini moja kwa moja chini yake. Ila kwanza mchezaji athibitishe kwamba ni wake, hata kwa darubini. Mpira unaoonekana juu ya mnazi lakini hautambuliki umepotea, na ndiyo maana kila mchezaji anashauriwa kuchora alama yake kwa kalamu kabla ya kuanza. Kuupiga hukohuko juu pia kunaruhusiwa. Bernhard Langer alipanda mti na kupiga mpira wake katika mashindano ya Fulford, Uingereza, mwaka 1981.

Kazi ya mchezaji na kazi ya klabu

Katika gofu hakuna refa anayemfuata kila mtu. Mchezaji hujihesabia adhabu mwenyewe, mara nyingi peke yake nyuma ya kichaka. Kanuni hizi zinategemea uaminifu wake, na uaminifu bila maarifa hausaidii: asiyejua kwamba kuvuta kuti ni kosa atalivuta kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kila anayeanza mchezo huu asome kanuni za mahali, ambazo kwa kawaida huchapishwa nyuma ya kadi ya alama, kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Klabu za Pwani nazo zina wajibu. Makedi wanaobeba mifuko na vijana wanaojifunza kwao huzungumza Kiswahili uwanjani siku nzima. Kanuni za mahali kuhusu mizizi, matumbawe, vichuguu na mikoko ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ubao wa klabu, ili kijana wa Mikindani, Likoni au Changamwe anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza azisome na kuzielewa sawa na mwanachama wa miaka mingi.